Hakuna Namba ya TV Yako

"Fundi, kodi ya Samsung ni ngapi?"

Swali hilo hunijia kwa simu saa mbili kamili usiku, taarifa ya habari inapoanza. Hunijia kwa ujumbe usio na salamu. Mwezi uliopita lilinikuta kwenye hitima, sahani ya pilau mkononi, kutoka kwa mtu ambaye hatujaonana tangu shule. Siku nyingine ni LG, siku nyingine ni Hisense, lakini swali ni lilelile. Muulizaji kanunua rimoti ya TV zote pale barabarani, muuzaji kamwapia kwamba inakamata kila kitu, kafika nyumbani haikamati hata TV ya jirani, na sasa anaamini ipo namba ya siri ambayo mafundi tumeifungia kabatini ili tupate cha kula. Wanaiita kodi. Neno hilo ningewaachia mamlaka ya mapato na wenye nyumba.

Nimejibu kwa upole miaka mingi, na sasa upole umekwisha. TV yako haina namba. Haijawahi kuwa nayo. Kiwanda hakikuichapa popote, fundi haijui, na aliyekutumia orodha kwenye simu naye haijui.

Namba unayoiandika ni ya rimoti. Ndani ya rimoti ya TV zote kuna kumbukumbu ambamo kiwanda kilichoitengeneza kimepanga makundi ya ishara, moja baada ya jingine, kikayapa namba kwa mpangilio wake chenyewe. Ukiandika 045 unaiambia rimoti ifungue rafu ya 45 na itumie kilichomo. Kiwanda kingine, kwenye rafu yake ya 45, kimeweka mambo mengine kabisa. Ni sawa na kuuliza sukari iko rafu ya ngapi katika duka la Mangi, kisha ukaingia duka la jirani yake, ukanyoosha mkono rafu ileile bila kuangalia. Utatoka na sabuni.

Alikuja mama mmoja, mtu mzima wa heshima zake, na picha kwenye simu: orodha ndefu ya majina ya TV na namba zake, imeshapitia magrupu hata maandishi yamefifia. Alikuwa ameshinda Jumapili nzima akibonyeza mpaka kidole gumba kikamuuma. Nikaigeuza rimoti yake, nikafungua kifuniko cha betri, nikasoma modeli iliyochapwa kwa herufi ndogo kama chawa. Rimoti ile hupokea tarakimu tatu. Orodha yake yote ilikuwa ya tarakimu nne. Nikamuuliza, "Mama, hii ya nne ulikuwa unaipeleka wapi?" Akasema aliiacha, kwa sababu taa ilikuwa imeshazima. Siku nzima alikuwa akifungua rafu za duka ambalo hakuwamo. Karatasi halisi ya namba ilikuwamo kwenye boksi la rimoti, na boksi lilikwenda na taka.

Karatasi hiyo ndiyo orodha pekee yenye maana, na ina maana kwa rimoti ile moja tu. Hata rimoti mbili zinazofanana sura kama mapacha, zilizotoka boksi tofauti, zinaweza kuwa na mpangilio tofauti. Kwa hiyo swali la "kodi ya Samsung" halina jibu, kama vile "bei ya nauli" haina jibu mpaka useme unatoka wapi unakwenda wapi.

Sasa kilichomo kwenye hizo rafu ni nini? Mbele ya rimoti kuna taa ndogo ambayo mwanga wake jicho haliuoni. Urefu wa wimbi lake ni kama nanomita 940, nje ya upeo wetu. Ukibonyeza kitufe, taa hiyo hupepesa mara 38,000 hivi kwa sekunde, na mpepeso huo hukatwakatwa kwa mapigo yenye hesabu, kama ngoma. Katika mtindo wa NEC, ambao utaukuta kwenye vifaa vingi vya Asia, mwanga huwaka milisekunde 9, hunyamaza 4.5, kisha hufuata biti 32: nani anaitwa na aambiwe nini, kila neno likifuatwa na nakala yake iliyogeuzwa, sifuri ikawa moja na moja ikawa sifuri, ili mpokeaji ajue hakusikia vibaya. Samsung hufungua kwa 4.5 na kunyamaza 4.5. Sony hupepesa mara 40,000 kwa sekunde na mara nyingi biti 12 zinamtosha. Philips, kwa mtindo wao wa RC5, ni mara 36,000 na biti 14. Namba zipo kweli ndani ya mwanga huo: kwa Sony amri ya kuwasha na kuzima ni 21, kwa RC5 ni 12. Lakini hizo sizo unazoandika wewe, na rimoti ya barabarani haikupi mlango wa kuziandika.

Angalia pia kwamba habari hii ni ya upande mmoja. Rimoti ni mdomo, TV ni sikio. TV haijibu. Rimoti haijui kama TV imeelewa wala kama ipo, na maneno "inajitafutia yenyewe" ni ya muuzaji. Kinachotokea ni kwamba rimoti inapayuka lugha zote inazozijua, moja baada ya nyingine, na wewe ndiye macho yake.

Kuna kosa la pili limejificha ndani ya swali lilelile: jina lililo mbele ya kioo. Watu huliamini kama kiapo. Kiwanda kimoja kinaweza kubadili lugha kati ya toleo na toleo, na majina mengi mapya unayoyaona madukani hayana kiwanda. Ni bodi zinazofanana, zimetoka mahali pamoja, kila mwagizaji akabandika jina lake. Halafu kuna sisi mafundi. Bodi asili ikiungua kwa umeme wa kukatika na kurudi, na ya kwake ikakosekana au ikawa ghali kuliko TV, tunafunga bodi za vioo vyote, zile V56 na V59 mnazozisikia tukizitaja. Tangu siku hiyo TV ile ni ya jina lile usoni tu. Masikio ni ya mtu mwingine, na yanafuata programu fundi aliyoipakia.

Mzee mmoja aliniletea malalamiko kwamba amenunua rimoti tatu, zote halisi, zote za jina la TV yake, na hakuna iliyofanya kazi. Nikamwamkia, nikauliza kama TV imewahi kufunguliwa. Haijawahi, akasema. Nikaomba nione nyuma. Skrubu mbili hazikuwapo na ya tatu ilikuwa ya redio. Ndipo akakumbuka kwamba kijana wake aliipeleka kwa fundi mwaka ule wa mvua nyingi. Ndani kulikuwa na V59. Rimoti ya bodi ile ilikuja nayo tangu siku ya kwanza na mtu akaipoteza. Nikamtafutia nyingine inayosema lugha ile, tukamaliza. Rimoti zake tatu bado anazo, na bado anazilaumu.

Tukiwa hapa hapa, niseme kuhusu betri, maana baada ya namba kugoma watu hugeukia betri. Huzing'ata. Huzianika juu ya bati. Huzigonganisha kama karanga. Joto huiamsha kwa muda kemikali iliyobaki, na kuibonyeza betri kavu husogeza ujiuji wake, kwa hiyo utapata dakika chache za furaha, kisha itavuja na kula visahani vya chuma vilivyomo. Betri za alkali ukizing'ata zikavuja utaungua mdomo. Lakini ubaya mkubwa kwa rimoti ya TV zote ni mwingine: si chache kati ya zile za bei ya chini hukumbuka namba kwa nguvu ya betri zenyewe. Ukizitoa ukazipeleka juani saa nzima, unazirudisha kwenye rimoti iliyosahau kila kitu. Mtu aliyekuwa na betri dhaifu sasa ana matatizo mawili, na anakuja kwangu akisema rimoti imekufa ghafla. Badilisha betri haraka, mpya zote mbili, zikiwa mkononi kabla hujafungua kifuniko, na uandike namba iliyokubali kwa peni ndani ya kifuniko hicho.

Basi tufanye kazi. TV iwe imewaka. Shika kitufe cha kuseti mpaka taa nyekundu itulie, bonyeza TV, andika namba kutoka karatasi ya rimoti hiyo. Majina mengi yana namba kadhaa, jaribu zote. Karatasi imepotea? Tumia kutafuta: mara nyingi ni kuseti halafu kushika kitufe cha kuwashia, lakini modeli hutofautiana. Elekeza kwenye TV, usiangalie simu. TV ikizima, au mstari wa sauti ukitokea, achia papo hapo. Ukichelewa sekunde moja imeshahamia rafu ya mbele na itakubidi uanze upya. Na usisherehekee kwa sababu imezima. Jaribu sauti, menyu na kubadili chanzo, kwani rafu mbili zinaweza kukubaliana kuzima zikagombana kwa mengine yote. Ikifanya kazi ukiwa umeisogeza puani mwa TV lakini kwenye kochi haisikiki, na betri ni mpya, jaribu rafu nyingine. Huenda kasi ya mpepeso si yenyewe.

Kwa king'amuzi na sabufa usipoteze muda kutafuta. Tangu mitambo ya analojia ianze kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, sebule zetu zina rimoti mbili kwa uchache, na sabufa ikaongeza ya tatu: ile nyembamba kama kadi, yenye betri ya kidonge, ambayo mtoto huificha chini ya zulia. Rimoti ya TV zote hujua TV. Lugha ya sabufa yako mara nyingi haimo. Dawa yake ni rimoti ya kujifunza, aina ambayo unaielekezea rimoti ya asili, vichwa vikitazamana kwa sentimita chache, mbali na jua, unaifundisha kitufe kimoja kimoja. Si jambo jipya: Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, aliuza ya kwake kupitia kampuni yake ya CL 9 mwaka 1987. Kikifundishwa vizuri, kifaa kimoja kinabeba TV, king'amuzi na sabufa. Sharti ni kwamba mwalimu awe hai, na watu huja kununua mwanafunzi baada ya kumzika mwalimu.

Kama rimoti yako ya asili ina kitufe cha maikrofoni, huenda inaongea kwa Bluetooth. Vijiti vya TV vya aina ya Fire TV Stick havina kabisa sikio la mwanga. Hapo rimoti ya barabarani ni kipande cha plastiki, pakua programu ya simu. TV janja nyingi bado zina sikio hilo, jaribu. Kwa sikio hilo la mwanga, simu yenye taa ya rimoti juu inafaa, isiyo nayo haifai hata ukipakua programu kumi. Kama saundiba imeungwa kwa HDMI kwenye tundu lililoandikwa ARC, ingia kwenye menyu uwashe CEC, ambayo Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink na Sony Bravia Sync. Rimoti ya TV itaongoza sauti yote na hutahitaji kununua kitu. Sabufa yenye waya mwekundu na mweupe haihusiki na habari hiyo.

Kabla ya yote hayo, hakikisha rimoti ya asili imekufa kweli. Fungua kamera ya simu, ielekeze kwenye taa ya rimoti, bonyeza. Ukiona mng'ao wa zambarau au mweupe, inatoa mwanga, na tatizo huenda liko kwenye TV. Kamera ya nyuma isipoonyesha, jaribu ya mbele. Isipotoa kitu na iliwahi kuanguka sakafuni, mara nyingi ni kile kipande kidogo kinachoipa mapigo kilichovunjika ndani, nami hukibadilisha wakati unakunywa soda. Vitufe vikigoma baadhi tu, ni uchafu chini ya mpira. Pamba na spiriti.

Kwa hiyo ukinipigia tena usiniulize kodi. Pindua rimoti uliyonunua unisomee modeli yake, zunguka nyuma ya TV upige picha ile karatasi iliyobandikwa, na uniambie kama imewahi kufunguliwa. Ile rimoti ya zamani usiitupe hata kama imevunjika. Ifunge mfuko wa nailoni uje nayo. Na piga baada ya taarifa ya habari, tafadhali.