Chavua Chini ya Mikroskopu: Nyuki Wetu Wanakula Wapi?



Safari hii tunazungumza juu ya kitu kidogo sana. Ni chavua, yaani ule unga wa maua unaokushika kwenye nguo ukipita katikati ya mahindi yaliyotoa maua. Huenda ukauliza, unga huo una faida gani kwa kikundi? Tutaeleza jinsi ulivyosaidia majirani waliokuwa wamekosana.

UGOMVI ULIANZAJE?

Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi waliingia Kenya, na huku kwetu magharibi tukawa kati ya watu wa kwanza kuona hasara. Tangu hapo wakulima wengi wanapiga dawa mara nyingi kuliko zamani. Sasa kikundi kimoja cha wafuga nyuki hapa Saboti kikawa kinaokota nyuki waliokufa mbele ya mizinga kila mahindi yanapotoa maua. Wakawaambia majirani, "Dawa yenu inatumalizia nyuki." Majirani wakajibu, "Nyuki anatafuta nini kwa mahindi? Mahindi haina asali." Maneno yakawa mengi, hata salamu zikapungua.

Majirani walisema kweli nusu. Ua la mahindi halina maji matamu ya kutengenezea asali. Lakini nyuki hatafuti maji matamu peke yake. Anabeba chavua pia, kwa sababu hicho ndicho chakula cha kukuza watoto wake. Yale matonge ya njano unayoyaona kwenye miguu yake ya nyuma ni chavua. Basi swali likawa moja: matonge hayo yametoka kwa mmea gani?

KILA MMEA UNA ALAMA YAKE

Chembe ya chavua ina ganda, na ganda hilo lina umbo la mmea wake, kama vile ng'ombe anavyopigwa chapa. Chini ya mikroskopu, chavua ya alizeti ni mviringo wenye miiba. Ya mkaratusi ni ndogo, yenye pembe tatu. Ya paini ina mifuko miwili ya hewa ubavuni, maana husafiri kwa upepo. Ya mahindi ni kubwa, laini, na ina tundu moja tu. Nyasi nyingine pia zina tundu moja kwa sababu ni ndugu wa mahindi, lakini chembe zao kwa kawaida ni ndogo zaidi. Chembe ya mahindi inakaribia sehemu moja ya kumi ya milimita.

Ganda hili ni gumu ajabu. Kule juu Mlima Elgon kuna Ziwa Kimilili. Miaka ya 1970 watafiti walitoa tope chini ya ziwa hilo, nalo lilikuwa na chavua iliyokaa humo zaidi ya miaka 10,000. Kwa chavua hiyo waliweza kujua ni mimea gani iliyokuwa ikiota mlimani siku zile.

JINSI YA KUPIGA PICHA

Mwalimu wa baiolojia wa shule ya sekondari ya jirani alitufungulia maabara siku ya Jumamosi. Kikundi chenu pia kinaweza kuomba hivyo. Fuateni hatua hizi:

1. Okoteni matonge ya chavua yaliyoanguka mlangoni mwa mzinga. Aende mtu aliyezoea nyuki, akiwa amevaa nguo za kujikinga. Wekeni matonge kwenye karatasi safi, muandike tarehe na mzinga.

2. Leteni pia maua ya mimea iliyo karibu na mizinga, kila ua kwenye karatasi yake. Bila maua haya hamtakuwa na kitu cha kulinganisha.

3. Chukueni chavua kidogo kama ncha ya sindano, muiweke juu ya kioo. Ongezeni tone la glisarini iliyochanganywa na maji, ile ile ya kujipaka inayouzwa madukani. Maji matupu hufurisha chembe, nyingine hupasuka. Funikeni kwa kioo kile chembamba.

4. Anzeni na lenzi ndogo. Mkiziona chembe, nendeni kwa lenzi inayokuza mara 400. Kama mikroskopu inatumia kioo cha kuakisi mwanga, kielekezeni kwenye mwangaza wa dirisha. Msikielekeze kwenye jua lenyewe, litaumiza macho.

5. Sogezeni kamera ya simu juu ya lenzi ya kuchungulia mpaka duara la mwanga litokee. Mkono hutetemeka, kwa hivyo sisi tulikata kipande cha tyubu ya baiskeli tukafunga simu nacho. Tumieni ile saa ya simu ya kuchelewesha picha, ili usiitikise kwa kidole.

6. Pigeni picha tatu au nne za chembe moja, kila mara mkizungusha skrubu kidogo sana. Chembe ni ya mviringo kama chungwa, haionekani vizuri yote kwa mara moja. Pengine tundu limegeukia chini.

7. Pigeni pia picha ya rula ya plastiki inayopitisha mwanga, mkitumia ukuzaji wa mara 100. Mkiona duara zima lina upana wa milimita 1.8, basi kwa mara 400 upana huo ni robo yake, yaani 0.45. Hapo mnaweza kukadiria ukubwa wa chembe. Bila kipimo hiki mtachanganya mahindi na nyasi.

TULIONA NINI?

Jirani mwenyewe alileta ua la mahindi kutoka shamba lake, asije akasema tumemchezea. Tukapiga picha ya chavua yake, kisha ya matonge ya nyuki. Tukaweka picha mbili pamoja. Chembe kubwa, laini, zenye tundu moja zilikuwa pande zote mbili. Mzee huyo alirudi kuchungulia mara tatu, mwishowe akasema, "Kumbe wanakuja kwangu."

Lakini tusizidishe. Picha haikusema kwamba dawa ndiyo iliyoua nyuki. Mikroskopu haionyeshi sumu, hiyo ni kazi ya maabara ya kemia. Ilituonyesha jambo moja tu, kwamba nyuki wanaingia kwenye mahindi. Hilo lilitosha watu kukaa chini.

Walikubaliana hivi: mahindi yakiwa na maua, mtu asipige dawa asubuhi wala mchana. Asubuhi umande ukikauka ndipo chavua inamwagika na nyuki wanakuja. Kama ni lazima, apige jioni nyuki wakisharudi, na awaambie wenye mizinga siku moja mbele. Tena, kiwavi akishaingia ndani ya hindi dawa haimfikii vizuri. Mara nyingi ni pesa ya bure.

Hatusemi kila kitu kimekwisha. Lakini salamu zimerudi, na kikundi kinaendelea kuweka picha za maua ya kila mwezi, ili kijue miti ya kupanda na isiyofaa kukatwa.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE KIKUNDI

1. Karibu na mizinga yetu kuna mimea gani yenye maua mwezi huu?
2. Majirani wetu hupiga dawa saa ngapi? Tumewahi kuwauliza kwa upole?
3. Ni shule gani iliyo karibu yenye mikroskopu, na nani ataenda kuongea na mwalimu?