Breka Inayojizima ni Mlinzi wa Nyumba

Ndugu zetu, hapa Mlali, chini ya milima ya Uluguru, baridi ya Juni na Julai humfanya mtu atamani maji ya moto alfajiri, kwa josho na kwa udhu. Baadhi ya nyumba zimetia shawa ya umeme, nayo breka hujizima kila mara. Mwenye nyumba hukasirika, akataka atiwe breka kubwa zaidi. Tahadharini!

Shawa ya wati 5,500 kwa umeme wa volti 230 huvuta ampea 24 hivi. Breka ya ampea 20 huzidiwa na mzigo huo, nayo huweza kujizima baada ya muda. Ukiikuza breka na waya ukabaki mwembamba, waya huungua ukutani.

Ikijizima papo hapo, huenda kipashio kimetoboka na umeme wagusa maji: hayo ni mauti. Zimeni swichi kuu, mwiteni fundi mwenye leseni ya EWURA, apime waya, breka na ethi. Hata atakapomaliza, maji yapashwe jikoni.

Suratul Baqara, aya ya 195, yatukataza kujitia maangamizoni. Mwenyezi Mungu atuhifadhi pamoja na watoto wetu. Amin.