GARI LINALOZIMA INJINI LENYEWE: MBONA LEO LINAZIMA, KESHO HALIZIMI?

Siku hizi magari madogo yanafika vijijini kwetu kuliko zamani. Mengi yametumika kwanza huko Japani. Yanashushwa bandari ya Dar es Salaam, kisha yananunuliwa na watu wa Dirma, Katesh, Haydom na Babati. Baadhi yake yana tabia inayoshangaza. Dereva akikanyaga breki na gari likasimama, injini inazima yenyewe. Akiachia breki, inawaka yenyewe.

Jambo linalotatanisha zaidi ni kwamba gari halifanyi hivyo kila siku. Leo linazima, kesho halizimi. Hapo maneno huanza. Huyu anasema gari ni bovu. Yule anasema limerogwa. Mwingine anakimbilia kwa fundi, ananunua stata mpya, na mambo yanabaki vilevile. Pesa ya mahindi imekwenda bure! Basi tulitazame jambo hili pole pole.

KWA NINI LILITENGENEZWA HIVYO?

Injini inayonguruma huku gari limesimama inakula mafuta ya bure. Gari dogo linaweza kumaliza nusu lita mpaka lita moja ya petroli kwa saa, bila kwenda hata hatua moja. Katika miji yenye foleni ndefu, hiyo ni hasara kubwa, na moshi wake unachafua hewa. Kwa hiyo watengenezaji walitafuta njia ya kuzima injini gari linaposimama. Kampuni ya Toyota ilijaribu jambo hili katika gari la Crown tangu miaka ya 1970. Mwaka 2009 Mazda nao walitoa mtambo wao. Leo makampuni mengi yanao.

NANI ANAAMUA KUZIMA?

Anayeamua ni kompyuta ndogo iliyomo ndani ya gari. Kabla ya kuzima, kompyuta hiyo inajiuliza: "Nikizima sasa, nitaweza kuwasha tena?"

Tuchukue mfano wa jikoni. Mama amemaliza kuchemsha chai, na baadaye atasonga ugali. Kama kibiriti kimejaa njiti, anaweza kuzima moto ili asimalize kuni. Lakini kama zimebaki njiti mbili tu, hawezi kuzima. Atauacha moto uwake. Je, mama huyo amerogwa? Hapana! Ametumia akili.

Betri ndiyo kibiriti cha gari. Stata inapozungusha injini ili iwake, inavuta umeme mwingi sana kwa muda mfupi. Betri ikiwa dhaifu, kompyuta inakataa kuzima.

MAMBO YANAYOZUIA INJINI KUZIMA

Kila aina ya gari ina masharti yake, lakini haya ni ya kawaida:

1. Betri haina umeme wa kutosha, au imezeeka.
2. Injini bado ni ya baridi. Haizimi mpaka ipate joto lake.
3. Kiyoyozi kinafanya kazi nyingi, kwa sababu ndani ya gari kuna joto kali au baridi kali.
4. Dereva hakufunga mkanda, au mlango uko wazi.
5. Breki haikukanyagwa sawasawa.
6. Gari limesimama kwenye mlima mkali, au usukani umekatwa kona.

Sasa tazama safari ya siku moja. Ni asubuhi ya mwezi wa Julai, baridi ya Hanang inauma. Gari linaondoka Dirma. Injini ni ya baridi, kwa hiyo haizimi. Saa sita mchana gari lipo Katesh, injini imepata moto na betri imepata chaji. Gari likisimama, injini inazima. Jioni lipo Arusha kwenye foleni, kiyoyozi kimefunguliwa mpaka mwisho. Injini inazima, halafu inawaka ghafla kabla dereva hajaachia breki. Gari ni lile lile, dereva ni yule yule. Kilichobadilika ni hali.

LAKINI TUSIPUUZE DALILI

Kama gari lilikuwa linazima vizuri, na sasa limeacha kabisa kwa wiki nyingi, mara nyingi betri inaomba msaada. Ukipuuza, siku moja halitawaka kabisa. Fikiria ni usiku, mama mjamzito ameshika uchungu, na hospitali iko mbali. Tena gari la gia za otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Mtasukuma mpaka kuche!

Kwa hiyo fanya haya:

Kwanza, pima betri kabla ya kununua stata au kitu kingine.

Pili, nunua betri inayofaa. Magari haya yanawashwa mara nyingi kwa siku, kwa hiyo yanataka betri maalumu. Betri ya kawaida ni rahisi zaidi, lakini hapo hufa mapema. Soma maandishi ya betri iliyokuja na gari. Nyingi za Japani zimeandikwa M-42, N-55 au Q-85. Nyingine zimeandikwa EFB au AGM. Nenda dukani na maandishi hayo. Hapa ndipo kujua kusoma kunaokoa pesa.

Tatu, usifunge waya wa redio kubwa au wa kuchaji simu moja kwa moja kwenye betri. Katika magari mengi, kwenye waya wa hasi kuna kifaa kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Ukipitisha umeme pembeni, kompyuta inahesabu vibaya.

Nne, kumbuka kuwa safari fupi fupi hazijazi betri.

HATARI MOJA KUBWA

Injini ikinyamaza, usidhani gari limezimwa. Linaweza kuwaka lenyewe wakati wowote. Usifungue boneti na kuingiza mkono, wala usiingie chini ya gari, kabla dereva hajazima kwa ufunguo au kwa swichi na kuvuta breki ya mkono. Watoto nao wafundishwe wasicheze nyuma ya gari lililonyamaza.

JE, HUKU KWETU LINA FAIDA?

Dirma hakuna foleni wala taa za barabarani. Faida ya mafuta ni ndogo. Magari mengi yana swichi ya kuondoa mtambo huu, yenye alama ya herufi A iliyozungukwa na mshale. Ukiibonyeza, injini haitazima yenyewe. Lakini katika magari mengi, ukizima gari na kuliwasha upya, mtambo unarudi, nawe unabonyeza tena.

Ndugu msomaji, mashine haina mizimu. Ina sababu. Tuzitafute sababu kwanza, ndipo tutoe pesa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini injini haizimi asubuhi ya baridi?
2. Betri inafanana na nini katika mfano wa jikoni?
3. Utafanya nini kabla ya kufungua boneti?