Maumivu ya Mgongo: Kisu Kinahitajika Lini?

Leo tuzungumzie mgongo.

Mama wa Kisii na Nyamira anaujua mgongo wake. Asubuhi ni kikapu cha majani chai, mchana mkungu wa ndizi wa kupandisha mlimani, jioni mtungi wa maji, na mtoto mgongoni. Usiku kiuno kinakataa kunyooka. Jirani anamwambia, "Nenda Nairobi, siku hizi mgongo hupasuliwa kwa tundu dogo tu." Je, ni kweli?

Ni kweli, lakini si kwa kila mgongo.

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kati yake kuna diski laini kama mito. Ndani yake hupita mishipa ya fahamu iendayo miguuni na kwenye kibofu. Pingili ikilegea na kuteleza, huweza kuibana mishipa hiyo. Hapo daktari anaweza kuziunga pingili mbili kwa skrubu na vipande vya mfupa, mpaka ziwe mfupa mmoja. Zamani ilibidi apasue mahali parefu na kubandua misuli. Kwa njia ya sasa anapasua sehemu ndogo ndogo, anaisogeza misuli kando na kuongozwa na picha za eksirei. Damu hupotea kidogo na mgonjwa huenda nyumbani mapema.

Lakini mfupa hauna haraka. Huchukua miezi kadhaa kuungana, na wakati huo hakuna kubeba mizigo mizito. Kuna hatari ya kuambukizwa vijidudu au kuumia mshipa wa fahamu, na wengine hubaki na maumivu.

Kwa hiyo upasuaji huu si dawa ya kiuno kinachouma kwa kazi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba maumivu ya kiuno ya muda mrefu yatibiwe kwa mafunzo, mazoezi na fiziotherapia. Mikanda ya kiuno isitumiwe kama desturi. Tembea, usilale kitandani siku nzima. Gawanya mzigo mara mbili.

Sasa sikiliza vizuri, mama. Usingoje ukiona dalili hizi: miguu kulegea au kufa ganzi, mkojo au choo kuziba au kutoka bila kujua, ganzi kati ya mapaja, maumivu baada ya kuanguka, au maumivu pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda. Mkojo ukiziba au miguu ikilegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na mtoto anayelalamika mgongo kila siku, au anayeanza kuota kibyongo, huenda ana kifua kikuu cha mifupa. Upasuaji wa kuunga pingili wenyewe ulianza kwa ugonjwa huu: mwaka 1911, kule New York, madaktari Russell Hibbs na Fred Albee walikuwa wakitafuta namna ya kuzuia migongo kupinda. Leo tuna dawa, nazo hutolewa bure katika hospitali za serikali. Humezwa kwa miezi mingi bila kukatiza, na wengi hupona bila kisu. Huo si uchawi, wala si mkono wa bibi kizee wa jirani. Usimpeleke mtoto akakandwe au kukanyagwa mgongo.

Anza na zahanati yako. Ikibidi, utatumwa Hospitali ya Rufaa ya Nyamira au ile ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Ukiambiwa upasuaji, uliza: ni pingili gani? Nisipopasuliwa itakuwaje? SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, italipa kiasi gani? Na nani atanibebea maji miezi hiyo?

Kwaheri msikilizaji, utunze mgongo wako.