Alipasuliwa apunguze unene, sasa ana mimba: tuchunge nini?

Kwetu Katanga, mama akinenepa watu wanamsifu bwana yake: anamlisha muzuri. Lakini uzito ukipita kipimo unaleta tansio na sukari, na mara nyingine mimba inakataa kuingia. Njo maana wamama wamoja, wenye makuta ao jamaa Ulaya, wanapasuliwa mfuko wa chakula. Kuna namna mbili zinazojulikana sana. Katika ya kwanza, munganga anakata sehemu kubwa ya mfuko, unabakia mwembamba kama bomba. Katika ya pili, anabakiza kamfuko kadogo na kukaunganisha na utumbo mbele kidogo, chakula kinaruka sehemu ya njia.

Kisha uzito unashuka mbio, na mimba inaweza kuingia mbio vilevile, hata kwa mama aliyeitwa tasa. Ile haraka njo hatari. Waganga wanashauri kungoja mwaka 1 ao mwaka 1 na nusu, mpaka uzito utulie. Na baba ajue: utumbo ukirukwa, vidonge vya kuzuia mimba vinaweza kukosa nguvu. Afazali sindano ao kijiti cha mkononi.

Faida iko. Mwaka 2015, waganga wa Uswidi walitangaza hesabu ya mimba karibu 600 za wamama waliopasuliwa, wakizilinganisha na za wamama wenye uzito kama ule waliokuwa nao mbele ya kupasuliwa. Sukari ya mimba ilishuka toka karibu 7 kwa 100 mpaka 2. Watoto wakubwa kupita kipimo walishuka toka 22 kwa 100 mpaka karibu 9. Lakini watoto wadogo kupita kipimo walipanda, toka karibu 8 mpaka karibu 16.

Juu ya nini? Mama anakula kidogo, na mwili haunyonyi yote: feri, kalsiamu, vitamini B12. Damu inapunguka, mtoto anakosa. Kwa hiyo vitamini ni za kila siku, hata kisha kuzaa, maana mtoto anapata B12 yake katika maziwa ya mama.

Siku ya kwanza ya CPN, mama aseme: "Nilipasuliwa mfuko wa chakula." Watapima damu mara kwa mara na kuangalia kama mtoto anakomaa. Tena, ile maji ya sukari ya kupimia sukari ya mimba inaweza kumletea kizunguzungu na kuhara. Aombe wampime kwa kutoboa kidole siku kadhaa.

Nyumbani, tusimlazimishe kula kwa watu wawili. Aanze na samaki, mayai ao maharagi, kisha bukari kidogo, mara 5 ao 6 kwa siku. Sucré aache. Chai isikutane na vidonge vya feri.

Jambo moja halingoji baba atoke poste ya usiku: tumbo kuuma sana pamoja na kutapika. Utumbo unaweza kuwa umejisokota ndani, na mama na mtoto wote wawili wako katika hatari. Mufikishe hospitali kubwa palepale. Karatasi ya ile operasio ikae siku zote pamoja na fishi ya CPN, kusudi munganga wa zamu aelewe hata kama mama hawezi kusema.