Kuhamisha Tangi la Samaki wa Baharini: Nafasi ya Bakteria na Mabadiliko ya Kemia ya Maji

Mnamo mwaka 1846, Mwingereza Anna Thynne alisafirisha matumbawe hai kutoka Torquay, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza, hadi London, yakiwa ndani ya mtungi wa maji ya bahari. Ili matumbawe hayo yaendelee kuishi, maji yake yalimiminwa mara kwa mara kutoka chombo kimoja hadi kingine yapate hewa. Tukio hilo linadokeza hoja ya msingi ya makala haya: kinachohamishwa katika tangi la samaki wa baharini si kioo na maji tu, bali ni mfumo wa viumbe, wengi wao wasioonekana, unaotegemea oksijeni.

Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria hubadili amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu pia. Kundi jingine hubadili nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi. Wengi wa bakteria hao hawaelei majini, bali hujishikiza kwenye mawe, mchanga na sifongo za kichujio. Kwa hiyo, mtu anayebeba maji yote ya zamani lakini akaacha mawe yakauke, au akaosha sifongo kwa maji ya bomba yenye klorini, huokoa kilicho rahisi kubadilishwa na kuua kinachochukua majuma kadhaa kurejea.

Utaratibu salama huanza kabla ya siku ya safari. Samaki hawalishwi kwa saa 24 hadi 48, ili wasiyachafue sana maji wakiwa njiani. Tangi halibebwi likiwa na maji: lita 400 za maji ya bahari zina uzito wa takribani kilo 410, na mtikisiko wa mzigo huo unaweza kuachanisha maungio ya vioo. Mawe husafirishwa yakiwa yamezama katika ndoo za maji yaleyale ya tangi, nazo sifongo huwekwa katika chombo kinachopitisha hewa.

Mchanga unahitaji tahadhari ya pekee. Tabaka zake za chini, zisizofikiwa na oksijeni, zinaweza kuhifadhi haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Zikivurugwa, gesi hiyo na uchafu uliolimbikana huingia majini. Ndiyo maana mchanga wa zamani huoshwa kwa maji ya bahari au hubadilishwa.

Hatari isiyotarajiwa hujitokeza baada ya kufika. Katika mfuko uliofungwa kwa saa nyingi, pumzi za samaki hulimbikiza kabonidioksidi, nayo hushusha pH ya maji. Hali hiyo huifanya sehemu kubwa ya amonia iwe amoniamu, isiyo kali sana. Mfuko unapofunguliwa, kabonidioksidi hutoka, pH hupanda, na sehemu ya amoniamu hurudi kuwa amonia. Hivyo basi, desturi ya kudondosha maji mapya polepole ndani ya mfuko ulio wazi, kwa nia ya kumzoesha samaki, inaweza kumdhuru baada ya safari ndefu. Lililo salama zaidi ni kulinganisha joto mfuko ukiwa bado umefungwa, kuandaa mapema maji yenye kiwango kilekile cha chumvi, kisha kumhamisha samaki bila kuchelewa na kuyamwaga maji ya mfuko.

Katika majuma mawili ya mwanzo, amonia na nitriti hupimwa kila siku, chakula hupunguzwa, na maji hubadilishwa kiasi pindi sumu inapoonekana.

Umuhimu wa utaratibu huu unavuka mipaka ya nyumba. Wengi wa samaki wa mapambo wa baharini hawazalishwi vizimbani; huvuliwa katika miamba ya matumbawe, ikiwemo ya pwani ya Kenya. Samaki anayekufa kwa uhamishaji mbaya, akitafutiwa mbadala, humgharimu mwamba samaki mwingine.