Francis Kéré: kutoka fundi wa mbao mpaka kuongoza biro ya maarkitekte

Mwaka 2022, Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando katika inchi ya Burkina Faso, alipewa zawadi ya Pritzker. Kwa watu wanaochora na kujenga manyumba, ni moja ya zawadi kubwa kabisa za dunia nzima. Inatolewa tangu 1979, na mbele yake hakuna Mwafrika aliyekuwa ameipata.

Mtu akisikia hivyo anaweza kufikiri kwamba Kéré ni mtoto wa tajiri, aliyetumwa Ulaya kusomea kazi ya kuchora plani. Hapana. Kazi ya kwanza aliyojifunza ilikuwa ya mbao. Diploma ya arkitekte aliipata 2004, akikaribia miaka 40. Wakati huo shule aliyoijenga kijijini kwao ilikuwa imekwisha kumalizika tangu 2001.

Njia yake inafaa kuelezwa huku mashariki ya Kongo, sababu vitu alivyoanza navyo viko huku pia: udongo, klasi zenye joto, manjanja, na watu wasiokuwa na franga lakini wenye mikono.

Vyumba viwili vya utoto

Kéré alizaliwa 1965. Gando hapakuwa na umeme, maji safi wala shule. Baba yake alikuwa chifu wa kijiji, na alitaka mtoto wake wa kwanza ajue kusoma na kuandika. Basi Francis akawa mtoto wa kwanza wa kijiji kwenda masomo. Akiwa na miaka saba tu, aliacha wazazi akaenda kukaa kwa ndugu katika muji wa Tenkodogo.

Anapoeleza utoto wake, Kéré anakumbuka sana vyumba viwili. Cha kwanza ni kile ambamo nyanya yake alikuwa anawasimulia watoto hadisi usiku, mwanga ukiwa kidogo, watoto wamekaa karibu karibu, na sauti ya bibi imewazunguka wote. Cha pili ni klasi ya Tenkodogo: kuta za simenti, hewa haipiti, mwanga hautoshi, na ndani watoto zaidi ya 100 katika joto kali.

Chumba kimoja kilifanya watoto wajisikie salama, kingine kiliwatesa. Mtoto mwenye kipaji si lazima awe yule anayechora vizuri kupita wenzake. Anaweza kuwa yule anayeuliza: kwa nini hapa ninajisikia vizuri, na pale ninasikia vibaya? Kéré alijiambia kwamba siku moja atatengeneza shule zilizo bora.

Karibu miaka 20 ya kujifunza

Mwaka 1985 alipata bursi, yaani kulipiwa masomo, akaenda Berlin, Ujerumani. Lakini haikuwa bursi ya iniversite. Ilikuwa ya kujifunza kazi ya mbao: kutengeneza mapaa na vyombo vya nyumba. Mchana alikuwa kwenye kazi, usiku anafuata masomo ya sekondari. Ni miaka 10 kisha, katika 1995, ndipo alipata bursi ingine ya kuingia Iniversite ya Ufundi ya Berlin kusomea uarkitekte.

Kuko wazazi wanaoona kwamba mtoto akiingia kazi ya mbao ao ya kujenga, basi ameshindwa na masomo. Kwa Kéré ilikuwa kinyume. Mtu aliyebeba mbao kwa mabega yake anajua uzito wake. Anajua paa inashikwa na nini, na anajua kuongea na fundi bila kumzarau. Plani anayochora si picha ya kupendeza macho tu. Ni kitu ambacho mikono ya watu itaweza kufanya.

Deni la kijiji

Kila alipokuwa anarudi masomo kisha likizo, Kéré alipita nyumba kwa nyumba kuaga. Wamama wa Gando walifungua pindo za nguo zao na kumpa kifranga cha mwisho walichokuwa nacho. Akamuuliza mama yake sababu gani wanafanya hivyo. Mama akamueleza kwamba wote wanachanga kwa ajili ya masomo yake, wakitumaini kwamba siku moja atarudi kusaidia kijiji.

Deni hilo hakungojea diploma ili alilipe. Mwaka 1998, akiwa bado mwanafunzi, alianzisha shirika la kuchanga pesa kwa ajili ya kujenga shule ya Gando. Alipofika kijijini na kusema atajenga na udongo, watu hawakufurahi. Nyumba za udongo walizijua: mvua ikija, zinabomoka. Kwao, mtu aliyetoka Ulaya alipaswa kuleta kitu cha Ulaya.

Kéré ilibidi awaelezee na kuwaonyesha. Udongo ulichanganywa na simenti kidogo, ukakandamizwa ndani ya mashini ya mkono mpaka kuwa matofali magumu. Kijiji kizima kikashiriki katika ujenzi. Wamama walipiga sakafu ya udongo mpaka ikawa laini, vile wanavyojua tangu zamani.

Akili kubwa zaidi iko kwenye paa. Kwa kawaida, manjanja yakiwekwa moja kwa moja juu ya klasi, jua linayachoma na joto lote linashuka kwa watoto. Pale Gando, juu ya klasi kuko kwanza dari la matofali lenye nafasi za kupitisha hewa. Manjanja yako juu zaidi, yakibebwa na vyuma vyembamba, vile ambavyo mafundi wanatia ndani ya beto. Kati ya dari na manjanja kuko uwazi. Hewa ya moto inapanda, inatoka kupitia dari na upepo unaipeleka. Hewa safi inaingia kwa madirisha. Manjanja yamepita ukuta na kutokea inje, kwa hiyo mvua haipigi udongo. Hakuna mashini ya baridi wala umeme unaohitajika.

Shule hiyo ilipata zawadi ya Aga Khan ya ujenzi mwaka 2004. Na wanafunzi, walioanza 120, wakaongezeka mpaka 700.

Kuongoza biro ni nini?

Mwaka 2005 Kéré alifungua biro yake Berlin, Kéré Architecture. Toka hapo kazi zikawa nyingi: bustani ya taifa kule Bamako, sekondari ya Koudougou iliyomalizika 2016, jengo la muda ndani ya bustani moja ya London mwaka 2017, chuo cha vijana wa teknolojia kule Turkana, Kenya, mwaka 2021, tena jengo jipya la bunge la Benin. Tangu 2017 anafundisha pia katika iniversite ya Munich.

Mkubwa wa biro hachori kila mstari yeye mwenyewe. Anatafuta kazi, anagawanya kazi, anafuatilia pesa, na jengo likipasuka, jina lake ndilo linaulizwa. Lakini kwa Kéré kuongoza kuko na maana ingine tena: kwenye shantie lazima watu wabaki na ufundi. Vijana wa Gando waliojifunza pale waliweza kupata kazi kwenye ujenzi mwingine. Wamama walifinyanga nyungu kwa ajili ya maktaba ya kijiji. Nyungu zikakatwa na kutiwa ndani ya dari ili zipitishe mwanga na hewa. Kitu cha jikoni kikawa kitu cha kujengea.

Si kuiga, ni kuuliza

Kosa lingekuwa kubeba plani ya Gando na kuisimamisha hapa vile iko. Gando ni inchi ya joto kavu. Joto la Uvira, Kalemie ao Kindu linafanana nalo kidogo, lakini Goma ni baridi na udongo wake ni mawe ya volkano. Ndiyo maana watu wengi wanajenga na mbao. Tena huku inchi inatetemeka. Wakaaji wa Bukavu wanakumbuka mwezi wa pili 2008, na wale wa Goma wanakumbuka namna kuta zilivyopasuka kisha Nyiragongo kulipuka mwaka 2021. Dari la matofali lisilokazwa vizuri linaweza kuangukia watoto. Mambo kama hayo yanahitaji mtu aliyesomea.

Kinachoweza kuchukuliwa ni maulizo yake: jua linatokea wapi, upepo unapita wapi, udongo huu unaweza kubeba nini, na nani wa hapa anajua kazi gani? Matofali ya kukandamizwa, kwa mfano, hayachomwi kwa moto. Ingekuwa faida pale ambako matanuru ya matofali yanamaliza miti.

Na kwa kijana anayetengeneza meza leo kwenye atelie ya mtaa, huku akitamani kusomea uarkitekte, hesabu ya Kéré ni hii: tangu alipoenda kujifunza mbao mpaka diploma, ilimchukua miaka 19. Yote ilikuwa masomo, hata ile ya kubeba mbao.